Kadari na Usukani

Usiku mmoja wa masika, katika barabara ya udongo ishukayo kutoka Liwale kuja Nangurukuru, gari langu lilizimika likiwa limembeba mwanamke mwenye uchungu wa uzazi pamoja na mavyaa wake aliyempakata kichwa mapajani; na hata alfajiri ilipopambazuka, lori la mbao likatukuta tumekaa kando ya dimbwi, mikono yangu imelowa mafuta na matope, mama alikuwa hai na mtoto alikuwa amekwisha kufa. Sikisimulii kisa hiki ili nihurumiwe wala ili nihukumiwe, kwani wenye kuhurumia na wenye kuhukumu walikwisha kunijia nyumbani kabla jua la siku ya pili halijachwa. Nakisimulia kwa sababu ya neno moja nililoambiwa siku ile, neno lililokusudiwa kuniliwaza, ambalo badala ya kuniliwaza limenishughulisha kwa miaka 12, na ambalo nadhani kila mtu akaaye mbali na mji, mwenye gari au pikipiki au mashua itegemewayo na wenzake, atakutana nalo siku moja.

Mzee mmoja mcha Mungu, aliyewasomesha Kurani watoto wetu wote, aliketi karibu nami mkekani, akanishika mkono, akasema: “Mwalimu, usijitese bure. Chombo cha kuzama hakina usukani.” Waliokuwapo wakaitikia, mmoja akaongeza kwamba ajali haina kinga, kahawa ikamiminwa, na jambo likawa limekwisha.

Kwangu halikwisha, kwa sababu nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Mwezi mmoja kabla ya usiku ule fundi wetu alikuwa amelala chini ya gari lile kwa muda wa asubuhi nzima, na alipotoka, akifuta mikono kwa tambara, aliniambia: “Mwalimu, dizeli hii unayoinunua kwenye mapipa ina maji. Maji ni mazito, yanatuama chini ya chujio. Kila Ijumaa fungua ile koki, yamwage mpaka uone dizeli tupu. Ukiyaacha yatapanda kwenye pampu, na yakifika kwenye nozeli gari litakulaza njiani.” Nikamwitikia, nikamlipa, nikamshukuru. Ijumaa ya kwanza nilifungua koki. Ya pili nilikuwa na mgeni. Ya tatu nilisahau, na ya nne sikukumbuka hata kwamba nimesahau. Kazi yenyewe ni ya vidole viwili, haitaki spana wala elimu, nayo haichukui muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha kahawa. Usiku ule niliifungua koki gizani, maji yakatoka mengi, lakini mengine yalikuwa yamekwisha kupita, na betri ikaishiwa nguvu kabla injini haijawaka.

Swali basi ni hili: kilichomwua mtoto yule ni kadari au ni chujio? Mtu wa vyuma atajibu chujio, na mtu wa dini atajibu kadari. Na wengi wetu hujibu yote mawili kwa zamu, chujio tunapomlaumu mwenzetu, kadari tunapojitetea nafsi zetu.

Lugha yetu imechangia mchafuko huu bila ya kukusudia. Neno ajali tumelipata katika Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, hasa muda wa uhai wa mja, ambao ukifika hautangulizwi wala haukawilishwi. Wazee waliposema kwamba ajali haina kinga walikuwa wakizungumza juu ya mauti, na walisema kweli isiyo shaka. Lakini neno limesafiri: leo ajali ni lori lililoacha njia, ni basi lililopinduka mtoni, na mtu asimamaye mbele ya basi ambalo breki zake hazikukaguliwa tangu mwaka juzi, akasema kwamba ajali haina kinga, ameyachukua maneno ya kweli juu ya mauti akayafanya ushahidi wa uongo juu ya breki.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ambao hakuna awezaye kuwashuku kwamba walipungukiwa na imani ya kadari, walilikata jambo hili zamani katika mlango wa amana. Mtu akiwekewa mali ya mwenziwe, naye akaihifadhi kama ihifadhiwavyo mali ya namna ile, kisha gharika ikaichukua au mwizi akaiiba, halipi kitu. Bali akiwa amevuka mpaka katika kuitumia, au amefanya taksiri katika kuilinda, kama vile kuuacha mlango wazi akaenda zake sokoni, basi atalipa. Mungu ni yule yule katika hali zote mbili, na mwizi huenda akawa yule yule. Kilichotofautiana ni mlango. Kadhi hamwulizi mtu kama Mungu alitaka mali ipotee. Humwuliza kama mlango ulifungwa. Na katika elimu ya itikadi wamesema vilevile kwamba kadari hutajwa katika masaibu, haitajwi kuwa udhuru wa makosa.

Ndipo nilipofahamu kasoro ya liwazo lile. Mavyaa wa yule mama alisema pale njiani, huku akimfunika mjukuu wake kwa kanga, kwamba Mungu ndiye mwenye hukumu na mja hana hiari. Na katika kinywa chake neno hilo lilikuwa ibada, kwa kuwa yeye alikuwa amefiwa, wala hakuacha kufanya lolote lililompasa. Katika kinywa changu neno lile lile lingekuwa wizi. Kadari ni mali ya mfiwa. Mzembe hana haki ya kuiazima.

Labda mtu atasema kwamba mfano wa amana haufai, maana gari lilikuwa langu, nimelinunua kwa kiinua mgongo changu, na mtu halipishwi kwa kuharibu chake. Jawabu hili lingekuwa na nguvu mjini, ambako gari likiharibika mwenyewe hupanda basi na majirani hawana habari. Katika kijiji chetu, ambacho wakati wa masika hakifikiwi na gari jingine kwa siku tatu au nne mfululizo, kila mtu aliyeliona gari lile limesimama chini ya mwembe alikuwa amekwisha kulitia katika hesabu ya maisha yake. Hakumwambia bintiye ahamie kwa shangaziye Kivinje miezi miwili kabla ya kujifungua, kwa sababu gari lipo. Hakuweka akiba ya nauli. Waliniwekea amana watu ambao walikuwa hawajaugua bado, nami niliipokea amana hiyo kila nilipopokea maamkio yao barabarani nikiwa nyuma ya usukani.

Hadithi ya bedui aliyeagizwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mungu kila mtoto wa chuoni aijua, na kwa kuijua mno tumeacha kuisikia. Mimi hunigusa zaidi habari ya Umar bin Khattab, alipokuwa safarini kwenda Shamu, akafika mahali paitwapo Sargh na kuarifiwa kwamba mbele yake mna tauni. Alipoazimia kurudi, Abu Ubaida alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Naye akajibu kwamba anaikimbia kadari kuiendea kadari, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye pande mbili, upande mmoja malisho na wa pili ukame, ambaye kokote atakakowalisha atakuwa amewalisha kwa kadari ya Mungu. Sijui maneno mengine yaliyolieleza fumbo hili kwa uzuri kama hayo. Koki iliyofunguliwa Ijumaa ni kadari, na koki iliyosahauliwa ni kadari; lakini mchungaji ndiye atakayeulizwa kwa nini aliwapeleka ngamia kwenye mawe.

Gari lile lilipochakaa nikalazimika kutafuta jingine, niliona kwamba hata katika kuchagua mna jambo la dhamiri. Sote twasema twataka gari la kuaminika. Neno hili ni zito kuliko tunavyolitumia, kwa kuwa imani, amana, uaminifu na hata amani ni matawi ya shina moja. Chuma hakiwezi kuahidi, na kisichoweza kuahidi hakiwezi kuwa na uaminifu. Tukilisifu gari kwa uaminifu, hakika twawasifu watu, yule aliyeliunda na yule alitunzaye. Kwa hiyo aulizaye ni gari gani lisiloharibika ameuliza swali lisilo jawabu. Swali la mtu wa shamba ni jingine: gari gani, likiharibika hapa, litafahamika kwa akili iliyopo hapa, na litafunguliwa kwa mikono iliyopo hapa, kwa spana na jeki na mwanga wa kurunzi?

Hii ndiyo sababu ya heshima ambayo watu wa bara wamezipa gari za namna mbili au tatu tu. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, iliundwa kwa bodi ya aluminiamu kwa kuwa feleji ilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Na zile za zamani ziliweza kuwashwa kwa mpini wa mkono betri ilipokufa. Land Cruiser ya mfano wa 70, iliyotoka mwaka 1984, ambayo kwetu huitwa mkonga kwa ajili ya bomba lake la hewa lipandalo kando ya kioo mithili ya mkonga wa ndovu, kwa miaka mingi imekuja na injini ya dizeli ya silinda sita na lita 4.2, isiyo na turbo, ambayo pampu yake husukuma mafuta kwa nguvu za vyuma vitupu bila ya kompyuta. Magari mapya ya kompyuta hutumia mafuta kwa uangalifu zaidi na kutoa moshi mchache, na anayeishi karibu na fundi mwenye mashine ya kuyasoma hana sababu ya kuyaogopa; lakini hayastahimili dizeli chafu ya mapipa, na yakinyamaza porini hayamwambii mtu kinachoyauma.

Hata hivyo sipendi sifa zivuke kiasi. Ndani ya injini ile ya mkonga, ambayo vijana huiapia kwamba haifi, mna mkanda wa mpira uendeshao vali kwa mpangilio, nao una ajali yake kwa maana ya kale ya neno, muda uliowekwa, ambao kiwanda chenyewe kimeuandika katika kitabu chake: kilomita 100,000 katika vitabu vingine, 150,000 katika vingine. Nimekutana na watu waliouza ng'ombe kulinunua gari hilo wasiulize mkanda umebadilishwa lini. Na bodi ya aluminiamu ya Land Rover haishiki kutu, lakini chini yake mna chasisi ya feleji, na gari lililokaa pwani likala chumvi huweza kung'aa juu kama bwana harusi ilhali mifupa yake imeoza. Gari halinunuliwi kwa kulisimamia; hununuliwa kwa kulala chini yake na nyundo ndogo, ukigonga chasisi na kusikiliza. Mtume, inasimuliwa, alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea muuzaji. Na tangu nijue hivyo sioni haya kujilaza mchangani mbele ya watu wenye kanzu safi.

Katika matunzo ndiko nilikopata somo ambalo sikulitazamia, nalo pia limo katika lugha. Twasema gari limeharibika ghafla. Ghafla na kughafilika ni mtu na nduguye: katika asili yake neno hilo ni hali ya moyo uliosinzia, usiohudhuria mahali ulipo. Baada ya miaka hii naamini kwamba mabovu machache sana ya gari huja ghafla, na kwamba yaliyo mengi humjia ghafla yule tu aliyeghafilika. Oili ya difu iliyoingiwa na maji baada ya kuvuka mto hugeuka nyeupe kama maziwa, nayo husubiri kutazamwa. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, mpaka siku ya mteremko mrefu yachemke na kanyagio lizame bila kushika kitu. Lakini kabla ya siku ile rangi yake ilikuwa imekwisha kuiva kama chai. Jani la springi huwa na ufa kabla halijakatika, na beringi hulia siku nyingi kabla haijafa. Kila kitu hunena. Watu wa tarika hufanya dhikri ili moyo usighafilike na Mola wake. Mimi si mtu wa tarika, lakini siku niinamapo chini ya boneti nikigusa mikanda mmoja mmoja, nikinusa rejeta, nikipima oili, nahisi kwamba ni kiungo kile kile cha nafsi kinachofanya kazi, kile kinachohudhuria.

Kuna upotofu wa upande wa pili, nao nimeuona kwa macho yangu. Palikuwa na mtu aliyelipenda gari lake hata akaogopa kulitoa masika, akalifunika turubai tangu Machi mpaka Mei, na wagonjwa wakapita mbele ya uwa wake wakichukuliwa kwa machela. Gari lake lilikuwa zima kabisa. Huyo naye alivunja amana, tena kwa bidii.

Ama suala la ufukara ni gumu zaidi, na asiyelitaja hasemi na watu wa shamba. Kumwambia mtu abadilishe chujio ilhali bei ya chujio ni sawa na chakula cha nyumba yake kwa juma zima ni kumpa fatwa bila ya kumpa chakula. Sisi tulilitatua kwa namna yetu: kila nyumba hutoa kidogo wakati wa mauzo ya ufuta, na kidogo tena wakati wa korosho, zikanunuliwa chujio, mikanda, mafuta ya breki na tyubu, vikatiwa katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwangu na wa pili kwa bibi mmoja mkunga ambaye hamwogopi mtu. Maadamu amana ni ya wote, na gharama yake ni ya wote. Sioni njia nyingine iliyo ya haki.

Wala sisemi kwamba hadhari hushinda kila jambo. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani ya kusini, barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam ilikatika Somanga, magari mazima na magari mabovu yakasimama safu moja, na wenye chujio safi wakalala njiani pamoja na wenye chujio chafu. Siku zile nililitamka neno kadari bila ya haya, ingawa naona kwamba wajengao makalvati na madaraja nao wana Ijumaa zao za kujiuliza.

Limebaki lile neno la mzee. Nilizaliwa Kivinje, na mjomba wangu alikuwa nahodha wa mashua iliyopakia boriti katika mikoko ya Rufiji na kuzipeleka Unguja. Nikiwa mtoto nilimwona akikipandisha chombo ufukoni wakati wa bamvua, maji yakitoka kikabaki kimelala ubavu. Wakawasha makuti chini yake moto upite mbaoni na kuwaua wadudu watoboao, wakakalafati nyufa kwa pamba iliyochovywa mafuta, wakakipaka mafuta ya sifa juu na deheni ya chokaa na shahamu chini. Kazi ilikuwa ya haraka na ya tabu, kwa kuwa bahari haimngojei mtu, na ilirudiwa kila baada ya miezi michache muda wote wa uhai wa chombo. Alianza daima na usukani. Aliung'oa, akaulaza mchangani, akaupapasa pale uliposhikana na chombo kama mtu apapasaye mguu wa punda, kisha akaurudisha.

Nilimwuliza siku moja, kwa ujinga wa mtoto aliyesikia mithali barazani, kwa nini ajisumbue na usukani ikiwa chombo cha kuzama hakina usukani. Hakucheka. Akaniambia: “Ndiyo, mwanangu. Ukikiona hakina, jua ni hicho.”

Nilikuwa na umri wa miaka minane, sikufahamu. Mzee aliyenishika mkono mkekani aliisikia mithali ile kuwa habari za mbinguni. Mjomba, aliyeishi juu ya maji miaka arobaini, aliisikia kuwa habari za mbao na misumari. Naheshimu huruma ya yule mzee mpaka leo, na kila Ijumaa, baada ya kuoga na kabla ya kwenda msikitini, huweka kikombe cha kahawa chini ya chujio na kufungua koki kwa vidole viwili. Ijumaa iliyopita maji yalifika nusu ya kikombe.